Mama Barafu na Mlango Namba 63

Jumatatu, 3 Machi. Mawingu tu.

Nimepata kazi. Naiandika kwa wino ili asitokee mtu wa kuifuta. Bibi, aliyetulea mimi na dada tangu tukiwa wa kubebwa na ambaye hajawahi kukosa neno la kunipunguza kimo, ameuliza ni kazi gani hiyo inayomtaka mtu aliyeikimbia shule kidato cha pili. Nikamjibu, kazi ya utafiti wa kitaalamu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwenye boti wameshuka wageni wawili, daktari mwanamke na mwanaume wa kuwatoa watu damu. Wenzao wameshukia upande wa pili wa kisiwa. Hawa wa kwetu walitaka mtu anayeijua mitaa yote, mwenye miguu na mdomo, na bandari nzima ikaninyooshea kidole. Miguu ninayo. Mdomo ndio ulionipa jina, mtaani naitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipata swichi yangu.

Kazi ni kuandika namba za nyumba milangoni kwa chaki, kubisha hodi, na kubeba sanduku la barafu ambamo damu itakaa. Daktari ni mwembamba, amevaa viatu vya mpira, ana sauti ndogo kama ya mtu aliye msibani. Alinikabidhi sanduku kama anayekabidhi kichanga. Lisikae juani, lisifunguliwe ovyo, mtu asilikalie. Tukatembea kidogo, akauliza, “Barafu vipi?” Nikasema ipo. Tukatembea tena. “Barafu vipi?” Nimeshampa jina. Mama Barafu.

Jumanne, 4 Machi. Manyunyu.

Mitaa miwili imepata namba. Mwandiko wangu unaushinda wa mwalimu aliyenifukuza darasani. Mbwa mmoja alitaka ubishi, tukaelewana.

Ijumaa, 7 Machi. Mvua asubuhi, joto mchana.

Tumeanza damu. Hatuingii kila nyumba. Simu ya Mama Barafu ndiyo inayochagua namba, na simu haina mjomba wala shangazi. Ikisema nane tunakwenda nane, hata kama namba saba wametuwekea viti na chai inatoa moshi.

Mimi nabisha, yeye anaeleza. Anaeleza maneno yaleyale kila mlango bila kuruka hata moja. Kuna virusi vinaitwa rubela. Mtoto akiugua ni homa ndogo, vipele, na tezi za nyuma ya masikio kuvimba kama punje. Wiki haiishi, anacheza. Lakini mama mwenye mimba changa akiambukizwa, virusi vinamfuata mtoto humohumo tumboni, vinamharibia macho, masikio na moyo. Aliyewahi kuugua, damu yake inabaki na askari, ndio hao wanaoitwa kingamwili, na askari hao hawamsahau adui. Anachoomba ni damu ya kujaa kijiko cha chai, ajue kisiwani hapa nani ana askari na nani hana, ili chanjo ije inapotakiwa. Mwisho husema, “Na majibu yako nitakuletea mwenyewe.”

Akimaliza, anakaa yule mtoa damu. Ana mwili wa kabati la nguo, ukimwona unasema leo mtu atavunjwa mkono. Tulimpeleka kwa ajuza mmoja ambaye mkono wake ni ngozi na mfupa, mshipa hata wa dawa hauonekani. Jamaa akamuuliza habari za wajukuu, huku kidole gumba chake kinatembea juu ya ngozi kama kinasoma. Ajuza akasema, “Baba, mbona huanzi?” Kumbe kichupa kilishajaa. Tangu leo huyu ni Mkono Mwepesi, na mimi si mtu wa kusifu wanaume wenzangu ovyo.

Jumamosi, 8 Machi. Mvua.

Niliigiza hotuba ya Mama Barafu pale kinyozini. Sauti ndogo, mikono mbele, “tezi za nyuma ya masikio kuvimba kama punje”. Watu hoi. Kinyozi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada, mtu anayejua habari zote ila za kweli. Yeye hakucheka. Alisema, “Hao wakichukua, hawarudi. Walikuja wa minyoo, wakaja wa macho. Wewe Redio, uliona jibu?” Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia nywele ambazo si zangu.

Jumapili, 9 Machi. Mvua.

Mvua.

Jumatano, 12 Machi. Mvua, ikaacha jioni.

Simu imechagua 63. Nyumba ya dada.

Nikamwahi shemeji kabla ya wageni. Alisema kwake haingii sindano, na nikibisha hodi na lile sanduku, undugu uishie kizingitini. Basi nikatumia akili, maana ninayo. Namba 64 ni fundi cherehani, jirani yao, kiziwi tangu kuzaliwa, mtu wa utani wa mikono, na kupimwa anakupenda kuliko kula. Kila mganga akipita, yeye ndiye wa kwanza kukunja shati. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta 63 kwa dada, nikafuta 64 kwa fundi, nikazibadilisha. Fundi aliniona akatoa macho. Nikampa ishara kwamba ni mambo ya kitaalamu.

Damu ya fundi imetoka vizuri, fundi kafurahi, shemeji kafurahi, Mama Barafu kaipata 63 yake. Mtu mmoja, watatu wote kawaridhisha. Niitwe nani kama si balozi?

Alhamisi, 13 Machi. Mvua.

“Barafu vipi?” Ipo.

Jumatatu, 17 Machi. Jua!

Jua limetoka la kukausha mpaka mawazo, nami nimeumbuka.

Chaki ukiifuta kwa maji mlango unaonekana msafi. Ni uongo wa maji. Mbao zikikauka, chaki inarudi kama ukungu. Tulipita ule mtaa saa za mchana, nikiwa mbele na sanduku, napiga mluzi. Nikaona nyuma yangu hakuna mtu. Mama Barafu amesimama mbele ya mlango wa dada. Pale penye 64 yangu, chini yake inachungulia 63, nyeupe, imetulia. Akausogelea mlango wa fundi, hali ileile kwa kinyume. Fundi naye alikuwa dirishani, anatikisa mabega kwa kicheko.

Nilingoja kelele. Kelele nimezizoea, ningezijibu. Hakupiga. Aliketi kwenye kizingiti cha fundi, akaniuliza niliona vigumu kubisha mlango upi. Nikamweleza yote. Akasema, “Nikichukua damu za wanaonipenda tu, nitapata kisiwa cha watu wanaonipenda. Si hiki.” Nikamwambia shemeji amekataa. Akasema kukataa ni haki ya mtu, ataandika kwamba amekataa, na haitakuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Kisha akaniangalia.

“Na dada yako? Ulimuuliza?”

Sikumuuliza. Haikunipitia kichwani. Nimekataa kwa niaba ya mtu mzima mwenye mdomo wake.

Akainuka, akajipangusa vumbi. Nilidhani ndiyo kwaheri ya kazi. Akaniambia, “Rudisha namba. Barafu vipi?”

Jumanne, 18 Machi. Mawingu.

Nilibisha hodi 63 mwenyewe. Dada alifungua. Mama Barafu akaeleza yote, neno kwa neno, kana kwamba hajawahi kuyasema popote. Shemeji alisimama nyuma ya pazia kama shahidi wa upande wa pili. Mama Barafu alipofika kwenye mimba changa, dada alitazama chini. Alipomaliza, dada akamwambia mumewe, “Wewe umekataa yako, sawa. Mkono huu ni wangu.” Akaunyoosha.

Shemeji alimezwa na pazia. Mimi nikajikuta najivuna kana kwamba dada nimemzaa mimi.

Damu ya fundi haitahesabiwa kwenye utafiti. Amenuna. Mama Barafu amemwandikia kwamba ataipima hata hivyo na jibu atamletea. Akaacha kununa.

Alhamisi, 20 Machi. Mvua.

Leo simu imechagua nyumba yetu. Bibi alitoa mkono huku anasimulia, damu ikaisha kutolewa kabla hadithi haijaisha. Mimi nilikuwa nimeshatangaza mtaani kwamba damu yangu ikipimwa mashine itaomba msaada kwa wingi wa askari.

Kuhusu yaliyofuata, zinasemwa habari nyingi. Bibi anasema nilianguka kama gunia. Mkono Mwepesi anasema nilijilaza. Mimi nashika ya Mkono Mwepesi, ni mtaalamu.

Jumamosi, 22 Machi. Mvua.

Wameondoka na boti ya asubuhi. Mama Barafu alilibeba sanduku mwenyewe, hakutaka kuli. Alisema watarudi mvua zikiwa bado zipo. Shemeji alikuwa gatini, akanipungia mkono wa kuaga badala ya kuwapungia wao. “Waage vizuri,” alisema, “ndiyo mwisho huo.”

Jumatano, 2 Aprili. Mvua.

Boti imekuja. Hawamo.

Jumamosi, 5 Aprili. Mvua.

Boti imekuja. Hawamo. Shemeji kauliza, “Redio, stesheni yako imekamata?”

Jumatano, 9 Aprili. Mvua ya mawe kidogo.

Hawamo. Paa letu limepata tundu. Bibi kaweka sufuria, tunalala na muziki.

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua.

Hawamo. Siendi tena kinyozini. Nywele ziote.

Ijumaa, 18 Aprili. Mvua kubwa.

Leo naandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua ilinishinda nikakimbilia kinyozini, nywele zangu kama kichaka. Juzi boti ilimleta mtoto wa kaka yake shemeji, msichana wa darasa la kwanza, amekuja kwa likizo. Alishuka na joto mwilini, wakasema ni boti. Amelala kitanda kimoja na dada. Leo shemeji alimkalisha kitini amnyoe. Ananyoa huku anapiga soga, mashine inaunguruma. Akafika nyuma ya sikio, akasita. Akapapasa. Akapapasa upande wa pili. Akamtania mtoto, “Wewe, umetuficha dengu huku nyuma?” Waliokuwamo wakacheka. Mimi pia nikaanza kucheka.

Yale maneno niliyoyaigiza mimi mwenyewe, pale pale, yakaniingia kichwani na sauti yake ndogo. Kuvimba kama punje. Nikainuka, nikashusha kola ya mtoto. Vipele, vidogo, vya rangi ya waridi, vimejaa shingo mpaka kifuani.

Nikasema hii ndiyo ile. Shemeji akanitazama ajue kama naigiza. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini mashine iliendelea kuunguruma mkononi mwake bila kunyoa kitu.

“Dada yako ana mimba,” alisema. “Changa. Hatujamwambia mtu.”

Mtandao hapa kwetu unakamata sehemu moja mvua ikinyesha, kwenye ngazi za tangi la maji la shule, ngazi ya tatu. Ya pili kimya, ya nne kimya. Nilifika nimelowa mpaka mifuko. Mama Barafu alipokea upesi. Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Hakunikatiza. Akauliza kama mtoto ana uvimbe kweli, nani aliyeupapasa, na dada yuko wapi. Akasema majibu yote anayo, alikuwa anaisubiri chanjo itolewe ghalani ili asije na majibu matupu.

Nikamwomba aniambie la dada. Nikamwomba tena. Nilimwambia mimi ni ndugu yake wa tumbo moja.

“La kwake ni la kwake,” alisema. “Mlete kwenye simu.”

Nilikasirika kwa hatua kadhaa hivi. Halafu, nikiwa nakimbia kumfuata dada, nikaelewa kwamba mtu ambaye hakunipa mimi jibu la dada hawezi kumpa mwingine yeyote jibu langu. Nikaongeza mbio.

Dada alisimama ngazi ya tatu, shemeji kamfunika kwa turubai. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alijibu ndiyo, ndiyo, wiki ya tisa, ndiyo. Akanirudishia simu ikiwa imelowa. Uso wake ulikuwa mkavu, na hilo ndilo lililonitisha.

“Sina kitu,” alisema. “Hata askari mmoja.”

Shemeji aliketi kwenye matope. Aliketi tu, kama mtu aliyeambiwa akae.

Maagizo ya Mama Barafu: mtoto akae na mtu aliyewahi kuugua. Bibi kasema yeye aliugua, mleteni. Chanjo hachanjwi mwenye mimba, kwa hiyo dada hawezi kuchanjwa, tutachanjwa sisi wengine tumzunguke. Na mtu yeyote aliyemgusa yule mtoto asimkaribie dada mpaka tuambiwe. Maana yake shemeji. Na mimi.

Jumamosi, 19 Aprili. Dhoruba.

Boti haikuja kabisa. Nimelala sakafuni kinyozini na shemeji. Anakoroma kama mashine yake. Asubuhi alinichana nywele bila kunitania, nikaona kweli mambo ni mabaya.

Jumatatu, 21 Aprili. Upepo, mvua ya kukatakata.

Nitasimulia kwa utaratibu, kwa sababu nataka kuja kuwasomea wanangu, na wasiseme baba anaongeza chumvi.

Boti ya abiria haisafiri mpaka keshokutwa. Kuelekea mchana ikaingia mashua ya mizigo, imebeba saruji. Makuli wakaanza kushusha mifuko. Katikati ya mifuko kikasimama kitu cha kijivu kutoka utosini hadi miguuni. Saruji na mvua vilikuwa vimemshika nywele, kope, nguo zote. Alikuwa ametapika njia nzima, nahodha alituambia, na hakuliachia sanduku hata mara moja. Nyuma yake Mkono Mwepesi, naye kama sanamu ambalo halijakaushwa.

Nikaruka majini kulipokea. Akanipa. Nikamwahi: “Barafu vipi?”

Yule mama akacheka. Sikuwahi kumwona meno. Akasema, “Ipo, Redio.”

Damu iliondoka na sanduku, na sanduku limerudi limejaa chanjo. Bibi alimlaki mlangoni na maji ya moto ya kuoga, akamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hakuoga kwanza. Alinawa mikono na uso, akaenda kwa miguu mpaka 63, akazungumza na dada dirishani. Sisi tulikaa mbali. Akampima mwenyewe, akachukua damu nyingine. Ile ya mwezi uliopita inasema dada alikuwa hana kitu. Ya leo ni ya kulinganisha. Ya wiki kadhaa zijazo ndiyo itakayosema kama virusi vimeingia. Askari wakiwa wametokea, ina maana adui amepita.

Halafu akazunguka. Nyumba kwa nyumba, kila aliyetoa damu akapata jibu lake masikioni mwake. Nilibeba sanduku nikikaa hatua mbali nisisikie, na nilijitahidi kwelikweli nisisikie. Jumla aliitangaza shuleni jioni, nayo si siri ya mtu. Watu wazima wa rika la mama yetu na kupanda, karibu wote wana askari. Sisi tuliozaliwa baadaye, karibu wote watupu. Maana yake ugonjwa ulipita hapa mara moja, miaka mingi, ukaondoka na haujarudi. Kisiwa kizima cha vijana kimekaa mlango wazi. Mtu anasoma hayo yote kwenye maji ya njano yanayoelea juu ya damu ikishazungushwa kwenye mashine! Mimi shule nilikimbia, lakini hiyo ningekaa kuisikiliza.

Bibi alikuwa amekaa mbele. Akauliza ni miaka mingapi hiyo. Mama Barafu akamwambia, zaidi ya thelathini kidogo. Bibi akageuka kumtazama fundi cherehani, aliyekuwa anasoma midomo ya watu na karatasi yake mkononi.

“Mama yake aliugua vipele mimba ikiwa changa,” bibi alisema. “Tulikuwa tunamsema yule mwanamke. Tulisema kuna kitu alifanya.” Akakaza fundo la khanga yake. “Alikufa tukiwa bado tunamsema.”

Mama Barafu akamwandikia fundi kwamba vilikuwa virusi, si kosa la mama yake. Fundi akasoma, akaikunja karatasi ndogo sana, akaitia mfuko wa kifuani. Kisha akawa wa kwanza kusimama, akakunja shati. Mama Barafu akamwonyesha kwa mikono kwamba yeye hahitaji, askari anao. Fundi akabaki amesimama pale pale mbele, akaanza kuvuta watu mikono waje kwenye mstari, mmoja mmoja, hasa wanaume waliokuwa wanaangalia viatu.

Wa pili alikuwa shemeji. Alikaa, akatoa bega, akamwambia Mama Barafu, “Nilisema hamrudi. Nimekosea.” Kinyozi! Kukiri kosa! Nilitamani kuwe na picha.

Jibu langu? Sina kitu. Bibi, ambaye askari wake wamejaa, amesema hata mashine imegundua kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nimechanjwa nikiwa nimesimama. Macho yalikuwa yamefungwa, lakini nilisimama.

Jumamosi, 26 Aprili. Mvua.

Wamemaliza mtaa wetu, wamekwenda wa chini. Mama Barafu amepoteza sauti, anaeleza kwa kunong'ona, maneno yaleyale.

Alhamisi, 1 Mei. Mvua nyepesi.

Naongea na dada kutoka ng'ambo ya barabara. Anakaa dirishani, anafuma, ananitupia matusi ya kidada. Watu wanaacha chakula kizingitini, wanagonga, wanakimbia, kama wezi wa kinyumenyume.

Jumapili, 4 Mei. Mvua.

Shemeji ameamka na joto. Nilipapasa nyuma ya masikio yake. Zipo.

Pengine chanjo ilimkuta ameshaambukizwa. Alikaa kitini kwake, kile cha wateja, akajitazama kwenye kioo, vipele mpaka usoni. “Ningekuwa nimelala nyumbani,” alisema. Akageuza kiti, kioo kikabaki nyuma yake.

Nilimwambia amependeza, anafanana na paka wa madoadoa. Nilikuwa nataka acheke. Hakucheka, lakini alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, na sikuutoa. Huyu ndiye mtu niliyedhani hajali kitu ila mashine yake. Amelala sakafuni hapa wiki zote hizi, na hakuna jioni ambayo hakusimama mlangoni kuangalia kama taa ya 63 inawaka.

Ijumaa, 9 Mei. Manyunyu.

Shemeji mzima. Mtoto mzima zamani, ameshamfundisha bibi michezo ya kuruka kamba. Watoto wawili mtaa wa chini walipata vipele. Hakuna wa tatu.

Jumatano, 14 Mei. Mawingu.

Hakuna wa tatu.

Jumamosi, 24 Mei. Jua, mvua, jua.

Mkono Mwepesi amekuja peke yake kuchukua damu ya dada ya mwisho. Dada aliuangalia mkono wake wote huku anatolewa. Kichupa nikakiweka kwenye barafu mimi mwenyewe, nikalibeba sanduku mpaka botini kama kichanga. Kuli mmoja alitaka kulikalia. Tulielewana.

Jumatano, 28 Mei. Jua.

Bado.

Ijumaa, 30 Mei. Jua.

Bado. Bibi hali. Anasema hana njaa, mtu ambaye hajawahi kukataa sahani.

Jumamosi, 31 Mei. Jua kali.

Simu imeita asubuhi. “Mlete dada yako.” Hakuniambia neno jingine, na safari hii sikuuliza.

Hakuna mvua, mtandao ungekamata popote. Dada alikwenda tu kwenye tangi, akapanda ngazi ya tatu. Tumbo limeanza kuonekana. Sisi tulisimama chini, mimi, shemeji, bibi na yule mtoto, na fundi aliyeacha cherehani akatufuata bila kuitwa.

Dada alisikiliza. Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaona mabega yanatikisika, nikashika ukuta wa tangi, kwa sababu sikuweza kujua yanatikisika kwa kitu gani.

Akageuka.

“Sina kitu,” alisema, anacheka, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. “Hata askari mmoja. Sina kitu!”

Fundi aliisoma midomo yake kabla masikio yetu hayajafanya kazi, akawa wa kwanza kurusha mikono juu. Shemeji alipanda ngazi zote kwa mruko mmoja, akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Bibi akaniambia tuna bahati, sisi ni ukoo wa madebe matupu, na leo ameusifu.

Simu ilikuwa bado inaongea mkononi mwa dada. Nikaichukua. Mama Barafu alikuwa anaeleza kwamba mtoto akishazaliwa, dada achanjwe mara moja, na kwamba atakuja mwenyewe. Sauti ndogo, maneno kwa mpangilio. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Nina maneno mengi kuliko mtu yeyote kisiwani hapa, kila mtu anajua. Nikasema, “Tunakungoja, mama.” Basi.

Jumatatu, 2 Juni. Jua. Mvua zimekwisha.

Nimepita 63. Shemeji amechuchumaa mlangoni na kopo la rangi ya mafuta na brashi ya kunyolea ndevu, ulimi nje, anaiandika namba juu ya chaki yangu. Nikamwambia tatu yake imepinda, aniachie mwenye mwandiko. Akakataa hata kuniazima brashi.

“Chaki yako ina mambo mengi,” alisema. “Hii akirudi ataiona kutoka gatini.”